Jembe la Machi

Mawingu yalisimama juu ya Mlima Elgon wiki nzima,
yakakohoa, yasiteme.
Mbegu zangu kilo mbili, za mkopo wa chama,
zililala chini ya kitanda
nami juu yazo, macho makavu.

Jumanne, ng'ambo ya ua wa minyaa,
nikamwona Nasambu kainama:
shimo, mbegu, unyayo.
Shimo, mbegu, unyayo.
Ilipofika adhuhuri, Bokoli nzima imeinama,
hata mwalimu Khaemba, na suruali yake ya kazini.
Wengi wape, nikajisemea.
Nikawapa: kilo zote mbili.

Mvua ilikuja siku ya kumi na tisa.
Kuchakuro walikuwa wameshatangulia,
shimo kwa shimo, kama waliohesabiwa.

Kisimani nikamuuliza Nasambu,
"Mama, nani alikwambia wakati umefika?"
Akatua ndoo. Akanitazama sana.
"Si wewe? Jumatatu jioni
nilikuona umetoka na jembe."

Jembe!
Nilitoka kuua nyoka
aliyepigiwa kelele na mtoto.

Na hata huyo nyoka
ilikuwa kamba ya ndama.