Daftari la Kijani

Kaka yangu Murdo Geddes alipanda ulingoni mara thelathini na moja.
Najua, maana daftari ninalo mimi,
la kijani, lenye doa la chai
pale pambano la nne lilipokuwa.

La kwanza: Greenock, ukumbi wa kanisa, Novemba.
Mpinzani fundi bomba wa Kilmarnock.
Ameshinda kwa pointi. Malipo pauni mia tatu,
nusu yake ikarudi kwa promota
kufidia tiketi ambazo hatukuweza kuziuza.

Baba alikuwa akichomelea meli.
Winchi zilipokatwa zikauzwa kama vyuma chakavu
alibaki na mikono isiyojua pa kukaa,
akaihamishia jikoni, kwa Murdo,
mama akikaanga soseji nyuma yao:
"Usiitazame ngumi. Tazama bega.
Ngumi huongopa, bega halijajifunza."

Uzani wa bantam ni kilo hamsini na tatu na nusu.
Sisi ni ukoo wa mifupa minene.
Siku tatu kabla ya mizani alitafuna barafu,
alipanda kilima amejifunga mifuko ya taka,
alitema mate koponi, tone kwa tone,
kama mtu anayelipa deni kwa senti.
Akavua soksi. Akavua pete.
Mizani ikakubali.
Nami nikawaza: kumbe mtu hupunguzwa hivi
na kinachobaki bado tunakiita Murdo.

La tano hadi la kumi na nane: ushindi, na sare mbili.
Sina mengi ya kuandika juu ya ushindi.
Huja na kelele, huondoka na teksi.

La kumi na tisa: Sunderland.
Mkanda wa Uingereza nzima
("Uingereza ipi?" baba akauliza. "Sisi Waskoti."
Lakini shati jipya alinunua).
Raundi kumi na mbili na Curtis Thwaite, mtoto wa pale pale,
jicho la Murdo limefumba kama duka Jumapili,
kona inampaka mafuta, inamwagia maji, inamtukana kwa upendo.
Majaji watatu; wawili wakaona lao.
Mimi niliandika saba kwa tano, Murdo.
Daftari la dada halimvishi mtu mkanda.
Kengele ya mwisho ilipolia Thwaite alimkumbatia,
akamnong'oneza jambo,
na Murdo, damu hadi kidevuni, akacheka.
Tulimuuliza hadi Krismasi. Hakusema.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, husemwa.
Murdo alikubali. Baadaye akawa analipwa kwa kukubali:
simu Jumanne, ulingo Ijumaa,
Leicester, Belfast, Leicester tena,
vijana wenye kaptula zinazometa
wanaohitaji jina la kuandika kwenye rekodi zao.
Hapa mwandiko wangu unaharibika.
La ishirini na saba sikuliandika kabisa,
nimeacha mstari.

La thelathini na moja: Motherwell, raundi ya pili, taulo.
Daktari wa chama aliitazama picha ya kichwa chake
akanyamaza
muda mrefu kuliko raundi.

Siku hizi huwavusha watoto barabara, Mtaa wa Roxburgh,
koti la njano, kibao mkononi.
Huinua mkono wa kushoto, ule ule,
na malori yanasimama.
Mara nyingine huniita kwa jina la mama. Naitika.

Jana tulikuwa tunakula samaki na chipsi garini,
mvua inapiga bati, vioo vimeingia ukungu.
Nikamuuliza tena, kwa mazoea tu,
kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyokwisha kuhama.
Akalamba siki vidoleni.
"Thwaite? Aliniambia:
'Ndugu yangu, nina njaa kufa. Wewe je?'"

Akachukua chipsi zangu mbili.
Kisha akasahau, akachukua nyingine.