Mita Sita

Haja ndogo, wanasema. Ndogo kwa nani?
Waulize waliokaa mita sita chini ya maji ya Bangwe
dakika hamsini na tano, mkono kwenye kamba,
juu mwanga, juu mashua, juu Bitariho anatafuna karanga,
na wewe huna ruhusa ya kupanda, maana damu yako
ina mapovu yanayotaka kutoka kwa adabu,
moja moja, kama watu wa msibani.

Suti kavu hii. Ya Mdenishi
aliyekuja kuhesabu konokono akaondoka na malaria.
Imenikaba shingo, imenikaba viganja,
tone la ziwa haliingii.
Basi na langu halitoki.
Nje maji yamenibana,
ndani maji yamenibana,
katikati mimi, ngozi tu, kama ya ngoma.

Kwenye basi la Tabora ungepaza sauti,
"Dereva, tuchimbe dawa!"
na watu wangeshuka mbele ya Uvinza,
wanaume kulia, wanawake kushoto.
Huku hakuna kichaka.

Mwaka wa kwanza nilifunga, na haikuwa Ramadhani.
Chai sikuigusa. Nikalizamia tishari la saruji
kichwa kikigonga kama gereji,
mpaka daktari akaniambia damu imekuwa nzito,
kunywa maji, wewe unayeshinda majini.
Mwaka wa pili nilivaa nepi za wazee.
Sikudhani, mke wangu, alizinunua Mwanga,
muuza dawa akamuuliza kwa huruma, ni mkwe?
Ni mume, akajibu, yuko ziwani.
Nadhani mtaa ule mpaka leo unaniombea.

Kisha Ntahondi, fundi tairi wa Kibirizi,
alipasha bomba la shaba moto
akalitoboa paja la suti.
Nilifumba macho.
Akakaza vali, kitu cha ukubwa wa kizibo cha soda.
Kipira hapa. Mrija hapa. Kushoto fungua, kulia funga.
"Na usisahau kufungua," akasema,
"mpira ukijaa hauna aibu."

Nilisahau, bila shaka, mara moja.
Nikapanda mashuani kiatu kimoja kizito.
Bitariho: "Ziwa limeingia."
"Limeingia," nikasema.
Ziwa, nisamehe. Nilikusingizia.

Lakini ninayoikumbuka ni ile mara ya kwanza.
Niligeuza kushoto, nikasubiri.
Hakuna.
Mwili umegoma, na chini ya mgomo
kuna Gungu, kuna mimi wa miaka saba,
godoro bichi kichwani, nazungushwa mtaa hadi mtaa,
watoto nyuma yangu na makopo.
Mwili ulijifunza siku ile, ukakariri:
si ukiwa umevaa,
si ukiwa umelala,
si mahali watu wanapochota.
Na sasa nimevaa, nimelala kifudifudi hewani mwa maji,
na shangazi yangu Katonga anachota humuhumu.

Akaja samaki mdogo wa mawe, mistari ya buluu,
mashavu yametuna. Anawabana watoto wake mdomoni.
Alinitazama paja muda mrefu.
Sijui alichokiona.
Akafungua mdomo, wakamwagika
kama punje za ulezi zenye macho,
wakacheza, akawaacha,
na mimi, bila kuamua,

joto
likapita pajani kama paka anayepita mlangoni,
likatoka, likawa ziwa.
Nilicheka mpaka maski ikavuja.
Nikageuza kulia. Dakika thelathini na moja zimebaki,
na sikuzihesabu.

Jana alfajiri Ruhomvya, mdogo wangu wa mwisho,
alisimama mlangoni, kaptula mkononi, hana la kusema.
Nililibeba lile godoro kwa mlango wa nyuma,
uani, penye jua la kwanza, pasipoonekana na njia.
Akanifuata akiburuta miguu.
"Baba, ni zito?"
"Shika huku," nikamwambia.