Athari

Al-Khoudh, maabara, saa nane za usiku.
Ganda la yai nimelitoboa dirisha la ukubwa wa kucha,
nikainamia darubini.
Kuku huyu hajawa kuku. Hana jicho,
hana damu ya kutia doa kwenye leso,
na tayari kijineli kifuani kimeshtuka,
kikasita,
kikashtuka tena.

Nani amekiambia? huniuliza wanafunzi.
Nami huwapeleka Ibra.

Kule ami yangu Mahfudh alikuwa mgawa maji wa falaji.
Hakuleta maji. Maji yalikuwapo,
yakipita mbele ya midimu na mbele ya majani ya mbuzi,
maji yale yale.
Kazi yake ilikuwa jiwe na tambara:
hapa ziba, hapa zibua,
jicho likifuata kivuli cha kijiti kinavyotambaa mchangani.
Nusu saa ya maji wao huiita *athar*.
Bibi, mzaliwa wa Wete, akicheka:
"Athari kweli! Ikupite zamu, utaiona."

Basi kila chembe humu imebeba daftari zima,
la ini, la kucha, la unyoya wa mkia,
na haisomi ila ukurasa uliofunguliwa.
Protini moja hukaa juu ya mstari: jiwe limeondoka.
Nyingine huja na tambara.
Jeni za ubongo hazikufutwa hapa,
zimenyamaza tu, kama wageni kwenye kikao kisicho chao.
Neli hujipinda kuelekea kulia.
Kuta huota zikatafutana katikati.

Za Ghalib hazikukutana.
Thurayya, dada yangu, mara ngapi umeniuliza:
nilikula nini, nilinyanyua nini?
Hukunyanyua kitu.
Mahali fulani jiwe lilichelewa,
hata hujaacha kahawa, hata hujajua kuwa mko wawili.
Nani alilichelewesha, sijui. Naandika "haijulikani"
kwenye ripoti, na mkono hauzoei.

Ami Mahfudh alisinzia siku moja tu maishani,
kwa homa. Mstari mmoja wa midimu
umebaki mfupi hadi leo.
Unazaa.

Ghalib ana miaka saba. Kovu lake analiita zipu.
Jana kaniuliza, likifunguka, atatoka nani?

Naziba dirisha la yai kwa utepe.
Sijamjibu.