Kitanda Kiwe Juu

Bwana Habamungu alikuja na picha kwenye simu:
vioo toka chini hadi angani, ghorofa nne,
nyasi zimekatwa kama zulia la kanisani.
"Nataka mgeni akifika Mugunga
aione nyumba yangu kabla hajauona mlima."

Nikamwambia, mlima una wivu.
Akacheka. Sikuwa natania.

Wiki nzima nilitembea kiwanjani bila kuchora.
Kwa hesabu za milima jiwe hili limezaliwa juzi,
bado lina meno.
Lilinila soli ya kulia, likaniachia ya kushoto
niendelee kujifunza adabu.

Fundi Ntamwenge alitangulia na taa ya chemli.
Kila penye bonde aliishusha kwa kamba, polepole,
kama anayechota maji kisima cha watu.
Mahali pengine mwali ulisimama, ukatutazama.
Mahali pengine, chini kidogo ya goti,
ukakata roho
bila upepo, bila neno.
"Mazuku," alisema, akapaka chokaa ukingoni.
Mbuzi wa jirani alijilaza pale juzi asubuhi
na hajaamka.

Ndipo mstari wa kwanza ukaja:
kitanda kiwe juu.
Si kwa fahari. Hapa kifo hutambaa,
kimo chake cha mtoto wa miaka miwili,
na hakijajifunza kupanda ngazi.

Mingine ikafuata. Sakafu juu ya nguzo fupi,
upepo wa Kivu upite chini ukifagia.
Kuta za jiwe lilelile, bila rangi, bila lipu,
zipinde pale mwamba unapopinda.
Paa la udongo; kangaga watajipanda wenyewe,
hawajawahi kungoja ruhusa.
Na ule ufa nyuma, unaopumua joto usiku kucha,
tusiuzibe kwa saruji:
tuupitishie mabomba, mgeni aoge,
na msitu ubaki na magunia yake ya makala.

Haya sikuyatoa chuoni.

Januari ile ya moto, mama yangu Kaswera
alitoka Majengo na sufuria ya maharage kichwani,
hayajaiva. Tulilala ng'ambo ya mpaka.
Tuliporudi hapakuwa na mtaa, palikuwa na weusi.
Mama akaanzia kwenye kipande cha ukuta wa parokia,
akahesabu hatua, arobaini na moja,
akageuka kushoto, akasimama.
"Jiko lilikuwa hapa."
Jiwe lilikuwa bado linafuka.
Akaitua sufuria palepale.
Tulikaa. Hakuna aliyelia, tulikuwa na njaa.
Saa tatu baadaye
maharage yaliiva.

Hakusamehe, mama. Msinielewe vibaya.
Alipika tu.

Habamungu aliukunjua mchoro kwenye boneti ya gari,
akaugeuza, akaugeuza tena.
"Nyumba iko wapi? Naona mawe."
Ntamwenge akajibu kabla yangu:
"Ukiiona mara moja, tumekosea."
Tulibishana kuhusu gharama, kuhusu kibao cha barabarani,
kuhusu kioo. Kioo alikililia kama mtoto.
Nikampa kimoja,
upande wa kaskazini, usawa wa mto wa kulalia,
mgeni aone usiku ule wekundu ukikaa juu ya kilele
kama kaa lililosahauliwa jikoni.

Na chini ya kioo, ukutani, msumari.
Habamungu aliuliza ni wa nini, wa kofia?
Wa viatu, nikasema.
Wekundu ukizidi, asihangaike na picha.
Anyooshe mkono tu, gizani.

Msumari huo hauna gharama.
Ndio pekee niliouchora kwa wino.