Chumvi

Saba, alisema daktari,
kama anayetaja nambari ya nyumba.
Nyumba yangu. Nihamie.

Nikashuka ngazi za Hospitali Kuu,
bahasha nimeikunja mara nne,
nikaizika ndani ya sanduku la kazi
chini ya spana, chini ya utepe mweupe wa kuzibia viungio.
Miaka thelathini na moja nazibua mifereji ya watu,
Kibokoni, Makadara, mpaka maghorofa ya Tudor.
Wangu mwenyewe wadondoka tone, wapumzika,
tone,
kama mlinzi anayehesabu usiku.

"Wamesemaje?" Mwanakheri akauliza.
"Presha."
Neno lilitoka jepesi, halina hata jasho.
Tangu hapo chumvi imehama kwetu.
Mchuzi wa papa, mbaazi za nazi, vyote bubu ulimini;
nami nameza, nashukuru,
naulipa uongo wangu tonge kwa tonge.
Usiku mkono wake ukinitafuta
najifanya nimelala.
Kufa sikuogopi sana, Mola ajua.
Naogopa kubaki hai
nikiwa mgeni kitandani mwangu.

Barazani wanabishana mpira.
Nacheka wanapocheka, nikichelewa kidogo.

Ijumaa, chooni msikitini,
nimechutama nangoja tone la mwisho
linalokataa kuwa la mwisho.
Nje foleni yakohoa.
Ng'ambo ya kiambaza mwingine naye kimya,
maji yake yakija kwa mafungu, kama yangu.

Tukatoka pamoja.
Nyamawi, yule wa duka la simiti,
niliyemnunia mwaka mzima kwa deni la mia sita.
Akanitazama miguu, si uso.
"Wewe lini?"
"Jumatatu iliyopita."
"Mimi mwaka wa pili." Akakaza kikoi.
"Mwanzo nilikuwa nalia stoo, juu ya mifuko.
Simiti na machozi, fundi, wajua vinavyoganda."

Hakunitajia mizizi wala mganga.
Hakuniambia nijikaze kiume.
Alinishikia kopo, nikatawadha,
na deni hakulitaja, wala mimi.

Mchana Mwanakheri akapakua.
Tonge nikalirudisha siniani.
"Nipe chumvi."
"Na presha?"
"Presha sina," nikasema,
nikalivuta sanduku la kazi,
nikaanza kutoa spana, moja moja,
nazo zikilia sakafuni,
naye ameshika kikopo cha chumvi,
hajakifungua.