Safu ya Kumi na Saba

Kidole hiki cha shahada
kimebonyeza K miaka kumi na mmoja
katika korti ya jiji la Buffalo, ghorofa ya pili,
dirisha linalotazama maegesho na theluji iliyochoka.
K, yaani kakosa kufika.
Jina likiitwa mara tatu na benchi lisiitike,
nabonyeza, naita jingine.

Sikujua K zangu huenda wapi.
Kumbe zilikuwa zikienda kwenye mashine,
safu ya kumi na saba kati ya ishirini na sita,
nayo ikizipika, ikipakua tarakimu:
moja, nenda kalale kwako;
kumi, kaa ndani.
Hakimu Lindqvist huipokea
kama mgonjwa apokeavyo kipimo cha presha,
anaguna, anasaini.

Cordell Mayfield alipata tisa.
Kosa lake taa moja ya nyuma na leseni iliyokwisha muda.
Lakini K mbili. Mtoro, ikasema mashine,
na mtoro hapewi dhamana.
Siku kumi na tisa. Alipotoka,
sinki lake la vyombo kule hospitali
lilikuwa na mikono mingine.

Kisha akaja Renata Wojcik, mtu wa takwimu,
mkate mweusi mfukoni mwa koti, makombo kwenye kibodi,
majalada elfu arobaini na moja kwenye skrini.
Akanigeukia Alhamisi moja:
"Mbona watoro wenu wanatoroka asubuhi tu?
Mchana hakuna anayekimbia.
Mtoro gani huyu anayetazama saa?"

Akazimwaga anwani zao juu ya ramani.
Zikajipanga barabara moja
kama sisimizi walioonja sukari,
na barabara ile ni njia ya basi,
na basi la kwanza hufika mjini saa tatu kasorobo,
na korti hufunguliwa saa mbili na nusu.

Nilimwona hakimu akivua miwani.
"Miaka sita," alisema,
"nimekuwa nikiifunga ratiba ya basi."

Wakasogeza kikao hadi saa nne.
Wakaanza kutuma ujumbe wa simu: Ni kesho. Chumba cha tano.
K zikapungua. Kuna asubuhi kidole hiki
kilikaa tu juu ya meza
kikisikiliza majina yakiitika.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini Kapteni Keough wa polisi aliiona ramani ile ile,
akainamisha kichwa upande:
"Kumbe wote hupandia hapa.
Tuweke gari la doria kituoni."
Renata akachomoa waya wa projekta bila kujibu.
Ramani ikafa ukutani. Sijui kama ilifutika.

Na Cordell bado ni tisa.
Niliuliza. Mashine husahau
kwa maombi ya maandishi, nakala tatu.

Jana Renata aliongeza safu ya ishirini na saba:
Sababu.
Inashuka tupu, visanduku elfu arobaini na moja.
"Jaza unazozikumbuka," akaniambia,
akaenda kutafuta kahawa.

Nikamkumbuka mama mmoja, saa tatu na dakika tano,
theluji hadi magotini, anahema mlangoni,
na mimi nilikuwa nimekwisha kubonyeza.
Nikashuka mistari nikimtafuta hadi taa za maegesho zikawaka.
Jina lake silikumbuki.
Nakumbuka viatu.