Mechi Tisa, Bao Sifuri

Dada Ishbel,
barua yako imefika Tukuyu imelowa pembe moja,
maana huku hata posta inavuja.
Umeandika kwamba kitabu cha klabu ya kwenu kinasema:
Lachlan Geddes, winga wa kushoto,
mechi tisa, bao sifuri,
na chini yake maneno mawili, akaenda ng'ambo.
Unauliza ng'ambo ni wapi.

Ng'ambo ni hapa.
Ni uwanja wa kiwanda cha chai, miguuni pa Rungwe,
umeinama kama mzigo uliofungwa na mtu mwenye haraka.
Mpira ukitoka upande wa juu, unarudi wenyewe.
Ukitoka upande wa chini, anatumwa mtoto.
Mtoto huyo nilikuwa mimi.

Alikuja mwaka ule sukari ilipouzwa kwa kadi,
fundi wa mashine za kukaushia majani,
goti la kulia limeshonwa kama gunia.
Jina lake lilitushinda. Wazee wakalikarabati:
Mwagedesi.
Akaitika siku ileile,
utadhani lilikuwa linamsubiri stoo.

Mvua ya Aprili ilipoanza,
wageni wa Mbeya mjini walikimbilia kibandani.
Yeye alisimama katikati ya uwanja, mdomo wazi, anacheka.
"Hii naijua," akasema, kwa Kiswahili cha wiki tatu,
"hii ya mama."

Mama yangu mimi, Angetile, ndiye aliyefua jezi.
Namba kumi na moja haikukauka mwezi mzima,
akaivaa mbichi.
Malipo yalikuwa mkungu wa ndizi kwa kila bao,
yakaandikwa kwa penseli katika daftari la mizani,
kati ya kilo za Tusekile na kilo za Subilaga.
Daftari ninalo. Jana usiku nimepitisha kidole ukurasa kwa ukurasa:
mikungu thelathini na minne.

Hakuwa na mbio. Goti lilimnyima mbio.
Alichokuwa nacho ni kungoja.
Beki anakuja, anangoja,
beki amefika, bado anangoja,
mpaka beki anaona haya, anapita zake.

Sasa, la thelathini na tano.
Fainali na vijana wa Kyela, waliotetemeka tangu asubuhi.
Ukungu ulishuka, kipa asione hata miguu yake.
Tukasikia pu,
kisha wavu, au kitu mfano wa wavu.
Refa Anyosisye akaja anapapasa hewa,
akamuuliza yeye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine karibu:
"Limeingia?"
Watu mia tatu, kimya.
Mwagedesi akafuta maji usoni.
"Mlingoti," akasema.

Ikawa sare. Ikarushwa shilingi, kombe likateremka Kyela.
Wiki nzima kuna watu hawakumsalimia.
Hata muuza vitumbua alimrudishia hela yake.
Lakini daftarini, tarehe ile, kwa mwandiko wa mama
ambaye hakuruhusiwa kushika daftari:
bao hakuna, ndizi moja.

Kwa hiyo mkisahihisha kitabu chenu, andikeni thelathini na nne.
Lile msiliweke, amelikataa mwenyewe.
Ila ukija huku ukauliza habari za mabao yake,
hilo ndilo watakalokusimulia,
na kila mmoja ataapa kwamba aliliona.

Viatu ulivyouliza havipo, samahani.
Nilivaa cha kulia, kaka yangu Lugano cha kushoto,
mpaka vidole vikatoka kuchungulia.

Kaburi lipo upande wa chini, mpakani na chai.
Mpira hufika pale mara nyingi.
Hatujajenga uzio.

Ndaga fijo kwa stempu.